Sahihi Kwenye Kadi ya Kazi

Siku yangu ya kwanza karakanani, huku ughaibuni Stratford, nilikaza nati moja mara saba. Fundi mkuu, Mkenya wa makamo, alinitazama akacheka.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Wee, wacha hizo. Hiyo ni baiskeli, si ndege. Ukiendelea hivyo mwenyewe atakuja kuichukua amezeeka."

Nilikuwa na miaka ishirini. Ufundi nilijifunza peke yangu, kwa video za simu na magurudumu mabovu niliyookota. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha ringi: unaweka gurudumu kwenye stendi, unalizungusha, unatazama linapoyumba, kisha unakaza spoku hii na kulegeza ile, kidogo kidogo, mpaka litulie. Wenzangu walitumia nusu saa. Mimi saa nzima, na bado kuna siku nilishuka basi njiani nikarudi kukagua.

Kila baiskeli ilikuwa na kadi ya kazi. Anayetia sahihi ndiye anayejibu likitokea jambo, na asiyefaulu mtihani wa meneja hatii sahihi, anaitwa msaidizi. Baada ya mwaka mmoja meneja aliniuliza kama nataka kuufanya. Kabla sijafungua mdomo, fundi mkuu akajibu, "Huyu bado. Anaogopa hata kivuli chake."

Nikashukuru. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilishukuru kweli. Nilikuwa nawaza gurudumu likifyatuka mbele ya basi, na jina langu chini ya kadi.

Miaka miwili mingine mimi nikanyoosha, yeye akasaini. Wateja walileta keki, wakampa yeye mkono.

Kisha mteja mmoja akarudisha gurudumu linaloyumba. Meneja akashika kadi, akauliza ni kazi ya nani.

"Sahihi ni yangu," fundi mkuu akamjibu bila kusita, "lakini aliyefanya ni huyu dada. Nilikwambia hayuko tayari."

Damu ilinichemka. Nikaliweka gurudumu kwenye stendi mbele yao. Ringi ilikuwa imebonyea upande mmoja. Mteja mwenyewe akakiri kwamba aligonga ukingo wa barabara. Hilo halikunituliza hata kidogo.

"Hili ni langu," nikamwambia meneja. "Na yale mengine yote ya miaka mitatu ni yangu pia. Hayo mbona hakuyasema?"

Fundi mkuu akaniinamia, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Sasa umeanza kiburi."

"Nimechelewa kuanza, fundi."

Mtihani niliufanya wiki hiyo hiyo, nikafaulu. Nikatia sahihi kwa miaka minne, kila kadi kwa hofu. Mwaka huu, nikiwa na ishirini na saba, nimestaafu kuajiriwa. Nina kibanda changu karibu na stesheni.

Ninyi mnaojifunza wenyewe, mniwie radhi kwa ukali. Kinachonikera ni kwamba woga wetu una faida kwa watu, ndiyo maana hawana haraka ututoke. Wanatuambia tusubiri mpaka tuwe tayari, na muda wote huo mikono yetu inawafanyia kazi. Mimi sijaacha kuogopa. Naogopa, nakagua mara mbili, naitoa kazi.

Asubuhi ya leo mteja aliniuliza kama gurudumu lake liko salama. Zamani ningejibu, "Nadhani."

Nikamwambia, "Panda."