Kifundo cha Rayhana

Kitu cha kwanza kuonekana kwa Rayhana ni macho yake. Ukimsalimu njiani Mbugangari, mtaa wetu huku Rwanda, hakutazami; anatazama pale mguu wake wa kulia utakapokanyaga. Wasiomjua humwona ana maringo. Wanaomjua wanajua kwamba tangu Machi ana hasira na dunia yote, hasa na kipande chake hiki kilichojaa mawe ya volkano.

Ilianza siku ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo mtaa mzima hutoka kufanya kazi pamoja. Walikuwa wakizibua mtaro. Rayhana alibeba karai la mawe kichwani, jiwe likabingirika chini ya unyayo, kifundo kikateguka kwa mlio wa kijiti kikavu. Jioni ile kaka yake Mudathiru alimpeleka kwa mzee anayeunga mifupa. Mzee aliuvuta mguu, akauzungusha, akaukanda kwa maji ya moto. Asubuhi ulikuwa umevimba hata haukuingia kwenye kiatu cha Mudathiru.

Kisha wakaja wageni. Huku mgonjwa hapewi pole kwa mdomo tu, na kila aliyekuja alitaka kuushika mguu mwenyewe. Shangazi alileta chumvi. Jirani yake Mukabera alileta mafuta ya kuchua na vidole gumba vigumu kama chuma. Mwingine alivuta vidole vya mguu kimoja kimoja, akihesabu. Rayhana aliuma kanga, akashukuru, akamchukia kila mmoja wao. Picha ya hospitali ilipoonyesha kwamba mfupa ni mzima, watu haohao waliamua kwamba kilichobaki ni uvivu.

Wiki ya tatu alirudi kushona. Cherehani ni yake, aliachiwa na baba yake. Baraza ni la Vénuste, muuza vitambaa. Mguu wa kulia ulitetemeka kwenye kanyagio. Alipojaribu wa kushoto, gurudumu lilizunguka kinyume na uzi ukakatika. Jioni, akishuka ngazi, kifundo kilipinduka tena. Mwezi wa Mei kikapinduka mara ya tatu, mahali palipo tambarare kabisa. Ndipo Vénuste alipomweka Uwingabire, fundi mgeni, mahali pake.

"Mi sikufukuzi, mama Kirezi," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Lakini tuko na uniforme za shule, na we kila wiki uko chini. Leta karatasi ya kusema muguu iko bon. Nakupa mpaka Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa sita. Ijumaa tunagawa kazi ya mwaka."

"Miaka kumi na minne niko hapa. Uliniomba karatasi gani?"

"Ile wakati ulikuwa na miguu mbili."

Mafundi walicheka mpaka pini zikawatoka midomoni.

Karatasi hiyo hutolewa na Ingabire, mtaalamu wa viungo kwenye kituo cha afya, binti aliyekulia Tanzania. Yeye aliushika mguu kwa upole, akauliza nani na nani waliukanda. Orodha ilipofika mtu wa sita aliweka kalamu chini.

"Dada, kano zako zilichanika, nazo zilitaka utulivu. Badala yake zikavutwa. Sasa zimelegea, na mguu umesahau kujishika. Tutaufundisha upya." Alimpa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli wa kuvuta kwa unyayo. Tena, kila siku asimame kwa mguu huo peke yake, macho amefumba. "Ukifikisha sekunde sitini mbele yangu, naandika."

Kwa hiyo Rayhana alisimama kwa mguu mmoja akisugua meno, akiosha sufuria, akisubiri zamu ya maji bombani. Sekunde kumi na mbili. Ishirini. Thelathini na nane. Mukabera alimpa jina la Musambi, korongo wa taji anayesimama hivyohivyo mabondeni.

"Musambi wetu, utaruka lini?"

"Siku nitaruka nitatua juu ya kichwa yako, na mafuta yako ya kuchua."

Jumanne ya wiki ile ya mwisho alisikia kwamba Uwingabire hakuchukua nafasi tu, anashonea cherehani ya Rayhana. Alikwenda bila hata kufunga kilemba vizuri. Alimkuta kweli, amekanyaga palepale chuma kilipolainishwa na nyayo za baba yake.

"Ondoa muguu."

"Dada, patro Vénuste ndiye amesema ..."

"Patro iko na baraza. Hana cherehani. Ondoa."

Uwingabire aliondoa. Rayhana alichomoa sindano ya cherehani ili mwingine asishone nayo, akaifunga kwenye pindo la kanga, akageuka kushuka ngazi kwa hasira, bila kutazama chini. Kifundo kikalala upande. Alisubiri maumivu, yale anayoyajua. Hayakuja. Kitu pembeni mwa mguu kilikaza ghafla, unyayo ukarudi mahali pake, naye akabaki wima.

Hakuna aliyeona. Nyuma yake mafundi walikuwa wanamcheka kwa sababu ya sindano. Yeye aliukanyagisha tena mguu ule kwenye ngazi iliyofuata, akashuka.

Jumatano alifikisha sekunde hamsini na nne.

Alhamisi, kabla mlango wa Ingabire haujafunguliwa, Rayhana alikuwa wa kwanza kwenye benchi, sindano ingali kwenye pindo, kiatu cha kulia amekwisha kukivua.