Kisima cha Mama Mkwe

Mpima maji wa ofisi ya vibali alikuwa mwanamke mpole, aliyevikaribia visima vya watu kama anayeingia chumba cha mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kupima kina cha maji ya kila kisima kabla kampuni haijaruhusiwa kuchimba makaa ya mawe chini ya ardhi. Kisima cha mwisho kilikuwa cha mama mkwe wake, naye alimkuta bibi huyo amekalia kifuniko.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Utepe huo urudishe mkobani. Kisima changu hakijafa hata kipimwe sanda.”

Mpima maji alicheka, akachuchumaa kando yake. “Mama, mtoto hupimwa uzito akiwa mzima, ili akipungua tujue. Maji haya yakishuka, wachimbaji watadai yalikuwa hivyo tangu zamani. Nikiyapima leo, kibali kitawalazimu wasimamishe kazi yakianza kushuka.”

“Na usipoyapima?”

“Kisima chako hakitakuwa na mtetezi.”

Bibi alijiinua taratibu na kukivuta kifuniko mwenyewe. “Haya, pima. Lakini kwa adabu.”

Mpima maji alipoinama juu ya mdomo wa kisima na kuuteremsha utepe, alihisi mkono umeukamata mkanda wa gauni lake.

“Mama, sianguki.”

“Wewe pima tu. Kisima ninacho kimoja, na mkwe ninaye mmoja. Nimekushika.”