Helikopta Niliyoigandisha Mapanga

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kisaka, niliripoti na barua ya ajira na sanduku la bati lenye randa, tupa na msasa, vyote kutoka kwetu Singida. Mwalimu Mkuu alisoma barua, akalitazama sanduku, akaniuliza kama nimekuja kufundisha au kufungua gereji. Nilimjibu kwamba nimesomea stadi za kazi. Akanipa hesabu darasa la tatu, vipindi vyote.

Ninyi mnaofundisha siku hizi mnaonyesha picha kwenye simu na kipindi kinakwenda. Sisi zana tulizichonga. Moyo wa binadamu niliutengeneza kwa chupa za plastiki na mipira ya dripu niliyoomba zahanati, na ulisukuma maji mekundu vizuri tu mpaka ulipomlowesha mkaguzi shati. Jambo la kwanza katika kazi ile ni kipimo: unaamua mita moja ya kitu halisi iwe sentimita ngapi kwako, na ukishaamua huruhusiwi kudanganya popote, hata kwenye kipande kisichoonekana.

Kutoka Kisaka nilihamishiwa Robanda, ambako mahudhurio yaliwafuata tembo. Wakiingia mashambani, nusu ya darasa inabaki nyumbani kulinda mahindi. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mkali wa kukagua hata kucha za walimu, lakini aliniachia stoo iwe karakana. Baadaye nikapelekwa Ringwani, na huko ndiko nilikofanya jambo linalonifanya niandike haya.

Mratibu wa elimu wa kata alitaka kila shule ipeleke zana moja kwenye maonyesho ya wilaya. Wiki hiyo helikopta ya jeshi ilikuwa imepita juu yetu, chini kabisa, watoto wakatoka madarasani hata kwa madirisha. Nikaamua kuitengeneza. Nilichukua sentimita tano kwa kila mita, kiwiliwili nikakiunda kwa bati la makopo, mapanga manne ya juu nikayachonga kwa mbao laini.

Mzee Mwita, jirani wa shule, alikuja siku moja kuulizia mjukuu wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yakiwa mezani kwangu.

“Mwalimu,” akasema, “hayo mapanga hayakai hivyo. Utayakunjaje?”

Sikujua kama yanakunjwa. Akavuta kiti. Alikuwa askari mstaafu, na alinieleza kuwa miaka yake yote jeshini alikuwa kwenye banda la ndege, kundi la kukunja mapanga ili helikopta nyingi zikae ndani bila kugusana. Kila panga limeshikwa kwenye kitovu kwa pini mbili. Ukichomoa moja, panga linazunguka kwenye ile iliyobaki mpaka lilale juu ya mkia, kisha unalifunga kwenye kishikizo lisipepesuke. La nyuma haliguswi, tayari limelala. Yanayobaki yana zamu yake, na ukikosea zamu yanagongana. Wiki tatu alikuja kila alasiri. Pini tulizikata kwenye waya wa mwavuli, na mara mbili alinirudisha nianze upya kwa sababu ya tofauti ambayo mimi sikuweza hata kuiona.

Tulipomaliza, alikunja na kukunjua mara kadhaa. Halafu akasema alichokuwa nacho moyoni.

“Hapa kijijini wananiambia nilikuwa nafagia. Wanasema ndege haikunjwi. Hata binti yangu Bhoke anacheka. Siku ya maonyesho uniachie nikunje mimi, waone.”

Nilimwahidi.

Asubuhi ya maonyesho Mratibu alipita kwenye meza yetu akaikuta helikopta imekunjwa, maana ndivyo nilivyoisafirisha kwenye bodaboda. Hakupendezwa. Alisema mgeni rasmi atadhani imevunjika njiani. “Yafungue, uyatie gundi, yasilegee mbele ya watu,” akaamuru. Ningeweza kumwambia kuna mzee anakuja. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, nikitaka cheo cha Mwalimu Mkuu, na nilimwogopa. Nikatia gundi kwenye kila pini, nikiwa najua kabisa ninachofanya.

Mzee Mwita alifika na koti lake safi, binti yake Bhoke, na wazee wawili wa rika lake. Aliwapanga vizuri waone. Akashika pini ya kwanza akavuta. Akavuta tena. Akajaribu ya pili, nayo ikagoma. Mmoja wa wale wazee akasema neno kwa Kikurya na watu wakacheka, Bhoke naye akacheka, na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Mzee akanitazama. Ilitakiwa sentensi moja tu kutoka kwangu, kwamba nimeyagandisha mimi. Mratibu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

“Mzee,” nikasema, “tupishe kidogo, mgeni anakuja.”

Akasogea pembeni. Tulipata nafasi ya kwanza.

Cheo nilikipata. Nilikwenda kwake mara nyingi baada ya hapo, nikakaribishwa ugali kama zamani, na kila nilipotaka kuanza kuomba radhi yeye aliuliza habari za mvua Singida. Nilijiambia ananisamehe kimya kimya. Ukweli ni kwamba nilifurahi kutolazimika kusema. Mpaka akafariki, sikuwa nimesema.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza ninajivunia nini katika kazi ile, nami nawatajia ule moyo wa chupa. Mwaka huu nilitengeneza helikopta nyingine, kwa vipimo vilevile, nikampelekea Bhoke Ringwani. Nikamwambia yote: gundi, woga wangu, na kazi halisi ya baba yake.

“Mwalimu, usijisumbue,” akasema kwa upole. “Baba mwenyewe alituambia kabla hajafa. Alisema ni kweli, alikuwa anafagia banda.”

Nikachomoa pini, nikakunja panga moja baada ya jingine kwa zamu aliyonifundisha, yote yakalala juu ya mkia. Nikamwambia haya nimejifunza kwa baba yako. Bhoke alinitazama kwa huruma, akanishukuru kwa kubuni yote yale ili kumfariji, akainuka kwenda kunitengea chai.