Nukta Alizozificha Bosi

Kwa miaka sita Kavata alikuwa akiingiza uzito wa malori kwenye kompyuta ya kwari moja ya kokoto huko Mlolongo, na hakuna aliyewahi kumwita mjinga hadi asubuhi hiyo.

"Nane, nane na nane ni ngapi?" Musyimi, mwenye kwari, aligonga skrini kwa kidole. Ekseli tatu, yaani mihimili ya magurudumu, za lori la dereva Abdille zilisoma tani nane kila moja, lakini jumla ilisema ishirini na tano. "Mjinga wewe, kompyuta yako imelewa! Hiyo ni ishirini na nne. Mwisho wetu ni ishirini na sita. Ongezeni mbili!"

"Bosi, ngoja kwanza..."

Hakungoja. Tingatinga likamwaga kokoto, Abdille akawasha injini. Mzani wa barabarani ulikuwa karibu, na huko lori likizidi uzito anayeshikwa ni dereva. Kavata alitoka mbio akasimama mbele ya lori, huku Musyimi akimfokea kwamba kibarua chake kimeota nyasi.

"Nifute kazi, lakini tazama kwanza!"

Ofisini alibonyeza mara moja tu. Kila nane ikawa nane nukta nne. Jumla, ishirini na tano nukta mbili. Pamoja na zile mbili, lori lilikuwa limepita ishirini na saba.

Musyimi aliinamia skrini. "Nani alificha hizi nukta?"

"Ni wewe. Ulisema zinajaza karatasi."

Abdille, aliyesikia yote dirishani, alimnyooshea Musyimi sepetu.

"Panda, bosi. Kokoto hii haitoki kwa kubonyeza."