Mama Malale na Sura za Noti

Mama Malale hakusoma hata darasa moja. Aliuza maziwa mgando sokoni hapa Mpanda, pembeni ya mchele wangu, tangu yeye na familia yake walipohamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Noti alizijua kwa picha: Mzee, simba, kifaru, tembo. Namba kwake zilikuwa mikwaruzo tu. Ukimtajia elfu mbili, atakuuliza, "Simba?" Kwa ujuzi huohuo alisomesha watoto, na Malale, mwanawe mkubwa, ni yeye mama aliyemnunulia bati za nyumba yake kule kijijini Kasansa.

Shida ilikuwa macho. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Aliniambia mimi peke yangu, maana Malale alishasema siku mama yake atakaposhindwa kuona, biashara basi, atamchukua akakae kwake.

"Nitakuwa mzigo, Regina," aliniambia. "Nitaomba mpaka hela ya sabuni, mimi niliyewanunulia wao."

Basi mteja akitoa noti, mimi natamka, "Simba huyo," huku najifanya naongea na watu wangu wa mchele. Tuliishi hivyo masika nzima.

Halafu wakaja vijana wa redio na kipaza sauti chao. Walitaka maoni: picha ya Mzee, Baba wa Taifa, kwenye noti ya elfu moja ibaki, au awekwe mtu mwingine wa historia? Mimi sikuwa nimesikia serikali ikisema lolote. Kilikuwa kipindi chao tu, cha kujaza muda. Lakini soko lilichemka. Mwalimu mmoja alitaka mwanamke aliyepigania uhuru. Muuza viatu alitaka mtemi. Mwingine akasema awekwe mtu wa Katavi, maana huku tunakumbukwa wakati wa kura tu, na watu wakacheka.

Nilimshika Mama Malale kitenge. Hakushikika. Alisimama, akaifuata sauti ya yule kijana.

"Nyie mnaojua kusoma mnacheza," alisema. "Mkibadilisha hizo picha, sisi wengine mmetutoa sokoni. Mimi hizi sura nimezijua kabla hamjazaliwa nyie. Ziacheni."

Watu walipiga makofi, hata yule mwalimu. Nilifurahi mno, kama aliyesema ni mama yangu mzazi.

Hapo kijana wa redio, Wilbert, bila ubaya wowote, akachomoa noti mfukoni akamwekea mkononi. "Haya mama, tuonyeshe. Huyu nani?"

Malale alikuwa amesimama nyuma ya watu. Alikuja mjini kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akapita kumsalimia mama yake. Mimi nilimwona, mama yake angemwonaje? Nilitaka kutamka kama siku zote, lakini safari hii soko zima lilikuwa kimya linamsikiliza Mama Malale. Aliisogeza noti mpaka puani, akaigeuzia juani. Aliuona wekundu tu, rangi ambayo simba na tembo wanakaribiana.

"Tembo," alisema.

Alikuwa simba. Mtu mmoja alicheka, akaacha. Mama Malale akausikia ule ukimya, akasema taratibu, "Simba." Wakati huo hata jibu sahihi halikumsaidia kitu.

Malale alipenya katikati ya watu, akaichukua noti, akamrudishia mwenyewe. "Mayo, twende," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa upole kabisa. Upole ule ndio ulioniuma. Angegomba, mama yake angejua la kumjibu.

Vibuyu vya maziwa vilifungwa kwenye pikipiki siku ileile. Kopo la kupimia aliniachia mimi, nimpe atakayekaa pale.

Kipindi kilirushwa Jumapili. Walikuwa wamekata ya tembo na simba. Walimweka yeye mwanzo kabisa, sauti imenyooka: hizi sura nimezijua kabla hamjazaliwa nyie. Mtangazaji akamsifu kwamba mama kama huyu ndiye benki yenyewe. Nilisikiliza nimekaa sokoni, na pembeni yangu sasa panauzwa nyanya.

Nikampigia Malale simu, amwekee mama yake redio asikie. Akasema redio hiyo kwao haishiki, na mama amelala.

Ilikuwa asubuhi, saa ambayo zamani angekuwa ameshamaliza kibuyu cha kwanza.