Jua la Mama Vibanio Lililozibwa

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Vibanio analishika pindo la shuka na kulibandika shavuni. Anatulia kidogo, kama mtu anayesikiliza.

"Bado," anasema. "Katikati pamekauka, ila pindo lina ubaridi. Pindo ndilo linalomuumbua dobi."

Yuko juu ya paa la saruji la nyumba anamopanga chumba. Mashuka ishirini na manne ya nyumba ya wageni yako kambani tangu jana adhuhuri. Yanatakiwa saa nne.

Chumbani kwake ipo mashine ya kukaushia nguo, aliyoinunua ikiwa imetumika. Mwezi wa kwanza ilimeza umeme uliozidi ujira wake wote wa kufua. Akaizima, akarudi kambani. "Jua halitumi bili," aliwajibu waliomcheka.

Mwaka jana likasimama ghorofa la jirani upande wa mashariki. Paa lililopata jua tangu asubuhi sasa hungoja mpaka saa sita.

Mwezi uliopita, baada ya mvua ya siku mbili, aliyapapasa mashuka katikati tu, akayakunja. Yalirudishwa yananuka uvundo. Msimamizi wa nyumba ya wageni alimwonya: likitokea tena, kazi itakwenda kwa mwingine. Kazi hiyo ni zaidi ya nusu ya kipato chake.

Wifi yake, fundi cherehani, anapanda ngazi akihema.

"Wifi, washa mashine. Leo tu."

"Nikiiwasha, nimewafulia bure."

"Basi yapulize kwa mdomo!"

"Mdomo ninao, wifi. Pumzi ndiyo imekwisha."

Wanacheka. Kicheko hakidumu, saa mbili na robo matone yanaanza kudondoka.

Anayashusha mashuka mbio, anaiwasha mashine. Inanguruma kwa dakika arobaini, kisha chumba kizima kinanyamaza. Umeme aliolipia umekwisha. Yamekauka tisa.

Saa nne kamili yuko mlangoni kwa msimamizi na mafungu mawili: makavu na mabichi. Safari hii hafichi kitu.

"Nimekuletea ukweli, kaka. Haya kumi na matano hayajakauka."

"Nashukuru, mama. Lakini wageni siwezi kuwalaza juu ya ukweli."

Anapokea yote, analipia tisa, na kumwambia asihangaike kuja wiki ijayo. Hapandishi sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha, asema Mama Vibanio. Mtu akifoka, kesho hupoa.

Sasa tegemeo lake ni moja: kuomba ruhusa ya kuanika juu ya ghorofa hilo hilo lililomzibia. Kule jua huwaka mchana kutwa, na hakuna anayeanika hata soksi. Mlinzi amekwisha kumrudisha getini mara mbili.

"Kesho nitakwenda tena," anasema, akiitazama mikono yake iliyochunwa na sabuni. "Nitavaa viatu vyangu vizuri. Huenda akanidhania mpangaji."