Nyonga ya Plastiki ya Memsahib

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mpishi wa memsahib mmoja mjane, kwenye shamba la pareto nje ya Elburgon. Nyonga yake iliharibika, akaenda kwao Ulaya, wakakata kichwa cha mfupa wa paja na kumwekea kingine cha plastiki ngumu, chenye shina lililopigiliwa ndani ya mfupa. Alirudi akitembea na fimbo, na kila hatua nyonga inalia kwiii, kama mlango wa kibanda cha kuku.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwani huko Ulaya hakuna grisi, Baba Watoto?"

Mimi sikucheka sana. Memsahib alikuwa ametuambia wazi kwamba siku atakayoshindwa kuzunguka shamba kwa miguu, atauza. Na sisi wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, hatukuwa na kwingine. Watoto wangu wote walizaliwa pale. Kwa hivyo niliisikiliza ile kelele tangu chai ya asubuhi mpaka nizime jiko, na ilinichosha kuliko kupasua kuni. Daktari alikuwa amemwambia avumilie, maji ya mwili yatailainisha.

Baada ya mvua ndefu nyonga ikanyamaza. Memsahib alisimama katikati ya jikoni, akaenda huku na huku. "Sikia! Hapana lia tena!" Akagawia laini nzima sukari. Mke wangu aliomba sala ndefu ya shukrani, nami nikasinzia kabla ya amina, kwa uchovu na kwa raha.

Haukupita muda memsahib akaanza kushika meza akiinuka. Mguu ukawa mfupi. Tulienda Nakuru kwa daktari, mimi nikimshikilia. Kwenye gari tukirudi alinieleza: ile plastiki ilisuguana vibaya na tundu la nyonga hata ikakataa kuzunguka humo, na sasa kilichozunguka ni shina lake, ndani ya paja. Ndiyo maana kimya. Ilikuwa imelegea, inakula mfupa polepole. Niliumia sana. Tulikuwa tumeshukuru nini, jamani?

Akauza. Bwana mpya alitupanga uani, akauliza nani amefanya kazi hapo miaka mingi kuliko wote. Nilijitokeza mbele haraka, nikijua sasa tumepona, mimi na wanangu. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe naisha choka," akasema. "Kesho toka, na watoto yako yote."